Chaki kwenye Mkono wa Kanzu

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni, kuanzia Handeni mpaka Korogwe. Sogezeni redio karibu, na anayetwanga apumzishe mchi kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Semboja, fundi baiskeli wa Chanika, Handeni mjini. Mzee Semboja alifariki Alhamisi, wiki mbili zilizopita, akiwa na miaka sitini na nane. Aliishia darasa la nne. Lakini wanafunzi wa sekondari walimwita mwalimu, na jina hilo lilimchoma mtu mmoja mpaka kwenye maini.

Mtu huyo ni Mwalimu Sabiri Mhina, jirani yake wa ng'ambo ya barabara. Mwalimu Sabiri alifundisha Kiingereza shule ya msingi miaka thelathini na moja. Thelathini na moja, wasikilizaji! Akastaafu, akakaa barazani kwake, akawa anasikia fundi baiskeli akiamkiwa, "Shikamoo, mwalimu." Habari za marehemu tumezipata kwake, na ametupa ruhusa. Alituambia, "Isemeni yote redioni, kwa sababu mimi nilinyamaza barazani."

Mzee Semboja alizaliwa Kwamsisi. Maneno magumu ya Kiingereza alianza kuyatafuta utu uzimani, baada ya mteja mmoja kumwachia kamusi isiyo na jalada. Alijifunza kifundi. Akishapaka gundi kwenye tyubu, hakubandika kiraka papo hapo. Gundi lazima isubiriwe ikauke kidogo. Katika kusubiri huko alifungua kamusi, akachagua neno moja, akalitafuna. "Abundant. Abundant. Tele." Gundi ikishika, na neno limeshika. Mkewe, Bibi Rukaya, anasema, "Mie nyumbani niliitwa magnificent, eti wa fahari, kabla sijapewa hela ya mboga."

Kisha akatengeneza ubao. Alichukua mlango wa kabati bovu, akaupaka unga mweusi wa betri zilizokwisha, akauegemeza kwenye mti wa kibanda chake. Asubuhi aliandika neno. Baada ya swala ya adhuhuri aliandika maana. Asubuhi neno, mchana maana, kila siku ya Mungu. Vijana wa bodaboda walibishana, wanafunzi walinakili, hata wauza nyanya walikuwa na maneno yao wanayoyapenda.

Mwalimu Sabiri aliyaona yote hayo. Roho ilimuuma. Alihesabu waliosimama kule, akahesabu waliosimama kwake, na kwake alisimama mbuzi tu. Kila neno alilijua, na hakuna aliyemuuliza. Siku moja alimwita mjukuu wake Yusra, akamwambia, "Nisikuone kwenye ubao wa yule mziba pancha." Yusra akaitikia, "Sawa, babu." Na aliendelea kwenda, babu akilala mchana.

Basi mwaka jana Yusra, aliyekwisha kumaliza chuo, aliitwa Korogwe kwenye usaili wa kazi ya mapokezi katika nyumba moja ya wageni. Jumatano, siku moja kabla ya usaili, neno la ubaoni lilikuwa meticulous. Maana yake: mtu makini, anayejali hata jambo dogo. Mzee Semboja aliiandika, na ilipofika alasiri akaenda msikitini. Mwalimu Sabiri alisema magoti yanamuuma, ataswali nyumbani. Magoti hayo hayo yalivuka barabara. Akafuta ile maana kwa mkono wa kanzu, akaandika nyingine: mtu wa kusahausahau. Alitaka fundi achekwe. Ni hilo tu alilolitaka.

Yusra alipita, akanakili, akawahi basi. Akalala kwa shangazi yake Amne, Kwamndolwa, huko huko Korogwe. Mzee Semboja alirudi, akaliona kosa, akalisahihisha. Kisha akavuka kumsalimia jirani yake, kama kawaida. Aliuona mkono wa kanzu, mweupe kwa chaki na mweusi kwa unga wa betri. Aliuliza hali ya magoti.

Kesho yake, Korogwe, msaili alisoma barua ya chuo. Barua ilisema Yusra ni meticulous. Akamuuliza, "Ni kweli?" Yusra akajibu kwa heshima zote, "Hiyo ilikuwa zamani, bosi. Siku hizi nimejirekebisha." Wasaili walicheka mpaka wakafuta machozi. Kazi hakupata.

Alirudi Chanika analia, akaenda moja kwa moja kibandani na daftari lake. Watu wakajaa. Mzee Semboja alilitazama daftari, akalirudisha. "Ni kosa langu, mjukuu wangu. Ubao ni wangu na chaki ni yangu. Nisamehe."

Na Mwalimu Sabiri, kutoka barazani, alisema kwa sauti, "Ndiyo faida ya kufundishwa na mziba pancha!"

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo ameyarudia hapa studio akiwa ameinamisha kichwa.

Alhamisi ile, wiki mbili zilizopita, Mzee Semboja aliandika neno la asubuhi: reluctant. Kabla ya adhuhuri alianguka akiwa na tyubu mkononi. Hakuamka. Alizikwa Ijumaa, na waombolezaji walijaa barabara nzima. Mwalimu Sabiri anakiri kwamba hata msiba ule aliuonea kijicho. Alijiuliza, mimi nitazikwa na wangapi?

Matanga yalipoanuliwa, ubao ulikuwa bado na neno, maana yake haijaandikwa. Wanafunzi wakasimama wanaulizana. Bibi Rukaya akatoka na kipande cha chaki, akavuka barabara.

"Mwalimu, kaandike maana."

"Kwa nini mimi?"

"Marehemu alisema siku akishindwa, aandike Sabiri. Mwenzio alikuwa anakuonea wivu, hukujua? Kila jioni wimbo wake ni huo huo: Sabiri maneno anayo kichwani, mie nayaokota kwenye kamusi huku gundi inakauka. Nilimwambia basi mwite mkae pamoja. Akasema anaogopa utamcheka."

Mwalimu Sabiri alivuka barabara kwenda ubaoni kwa mara ya pili. Safari hii mchana kweupe, watu wanaona, Yusra akiwamo. Akaandika: reluctant, anayesitasita, asiyetaka kufanya jambo. Kisha chini yake, kwa mwandiko ule uliofundisha nusu ya Chanika, akaandika: meticulous, mtu makini. Maana ya mwaka jana niliibadilisha mimi. Sabiri.

Yusra alisoma mpaka mwisho. Akaondoka bila kuaga.

Kwa Bibi Rukaya, wanawe na ndugu wote wa Kwamsisi na Chanika, tunawapa pole kwa moyo wote. Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Semboja. Na wewe unayesikiliza, yupo mtu ambaye sifa zake zinakukera. Mfikirie huyo leo. Huenda naye anakutazama wewe kwa jicho hilo hilo, na barabara kati yenu ni hatua kumi.

Jana tulipita Chanika. Ubao upo palepale. Asubuhi Mwalimu Sabiri anaandika neno, mchana anaandika maana. Yusra amerudi na daftari lake. Anamwamkia babu yake, anasoma ubao, kisha anachukua kamusi isiyo na jalada, anahakikisha, ndipo ananakili. Babu yake husimama na chaki mkononi, akingoja amalize.