Pale Mstari wa Pango Unapokatika

Mwezi ule wa Februari 1993, wakimbizi wa Ruhengeri walikuwa wakiingia Kigali na magodoro kichwani, na benchi la Twahiru muuza kahawa, pale Gisimenti, halikukaa tupu. Cassien, mchora ramani, alifika jioni macho mekundu. Kutwa nzima alikuwa amepambana na kompyuta ya ofisini. Mzungu waliyepima naye pango moja la kaskazini alikuwa amekimbilia kwao kwa hofu ya vita, akamwachia programu ya kulionyesha pango hilo kwenye kioo. Kosa la Cassien lilikuwa moja tu: aliwasimulia wenzake.

— Ngoja nielewe, alisema Mutsinzi, aliyeitwa Dokta kwa kuwa aliwahi kuuza dawa ya minyoo. Wewe unakaa kwa kiti, lakini uko ndani ya pango?

— Niko kwa kiti, Dokta. Naona mistari tu. Nikibonyeza huku pango linageuka, nikibonyeza kule linasogea karibu.

— Na leo umepotea! alidakia Viateur, ambaye kwa kuropoka kwake walimwita Redio.

— Limezunguka mpaka sijui juu ni wapi, chini ni wapi. Basi, yaishe.

— Wahenga walisema, akaanza Dokta, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

— Inaingiaje hapo? aliuliza Cassien.

— Ngamani si ndiyo pangoni?

— Ngama ni tumbo la chombo cha baharini, alisema Twahiru akimimina.

— Tumbo, pango, si yote ni shimo? alisema Dokta. Sasa Cassien, hiyo mashini inaona chini ya udongo. Dhahabu je, inaona?

— Haioni kitu! Tulivuta kamba ya kupimia, tukaandika namba, nikaziingiza. Inachora nilichoipa.

— Yewe, anatuficha, alisema Redio. Mimi nasikia pango hiyo inatembea chini kwa chini mpaka huku. Inatokea Kanombe, chini ya uwanja wa ndege!

Cassien alikitua kikombe kwa kishindo, kahawa ikamwagikia mkono. Kanombe ndiko kulikokuwa na kambi ya jeshi, na siku zile watu walikuwa wakifungwa kwa maneno madogo kuliko hayo.

— Redio, unataka nilale gerezani? Pango haifiki hata kwa barabara ya lami!

— Kama hakuna siri, kwa nini unakasirika?

Cassien alishika kichwa. Hapo ndipo mwanamke aliyekuwa amesimama kando, akinywa maji aliyopewa na Twahiru, aliposogea. Jina lake Pudentienne. Alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi.

— Samahani, baba. Hiyo pango ni ile iko na mlango kwa shamba ya migomba ya Achille?

— Ndiyo hiyo, mama. Umeijuaje?

— Ni kwetu. Bomu zilianza, mama mukwe akashindwa kukimbia. Akaingia mule na majirani. Mimi nikachukua watoto. Sasa kwa mashini yako, pango inaishia wapi?

Hasira yote ilimtoka Cassien. Alifumba macho, akauona ule mstari wa kijani ukienda, ukipinda, ukikatika.

— Mstari unakatika, mama. Lakini si kwamba pango limeisha. Tulikuta mawe yameporomoka, tukaishia hapo. Upepo ulikuwa unapita katikati ya mawe, ukatuzimia taa.

— Si ndiyo hiyo! alisema Redio. Penye upepo pana njia!

Pudentienne hakumtazama. Alimpandisha juu kidogo mtoto wa mgongoni, akakaza kitenge.

— Mahali upepo inapita, baba, mama mzee anaweza kupita?

Cassien alisogea kwenye benchi ili yule mama apate pa kukaa.