Vipande vya Bluu

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi, mama mmoja mshonaji alikuwa amepakata kisanduku kipya. Mzee aliyeketi kando yake, dereva mstaafu wa malori, akashindwa kuvumilia. "Hicho nini, binti yangu?"

"Nyongeza ya ule mchezo wa ubao, baba, wa kujenga miji na kuzibiana barabara. Ule wa kwanza ni wa watu wanne. Hii inaongeza wawili."

Kwao walikuwa wanne, akaeleza: yeye, mabinti wawili na marehemu mumewe, aliyecheza na vipande vya bluu. Sasa yupo mwanamume anayetaka kumuoa. Jumapili walimkaribisha mezani, naye bila kujua akanyoosha mkono kuchukua bluu. Binti mkubwa akavifunika vile vipande kwa viganja, akaangua kilio.

"Leo yule bwana kaniletea hiki kazini. Kina vipande vya kijani na kahawia. Kasema, 'Bluu iacheni ilipo.'"

"Huyo ana utu. Olewa naye," mzee akaamua, kana kwamba posa ililetwa kwake.

"Hapo ndipo ninapoogopa. Atakubali kuwa mgeni kwenye meza yake mwenyewe hadi lini?"

"Mgeni gani? Si atajenga miji yake?"

"Na mwanangu je? Akiiona bluu pale kila siku, ataacha lini kumngoja baba yake?"

Sisi wa karibu tulikuwa tumeacha hata kujifanya tunasoma simu.

Basi likasimama. Mama akainuka, akakibana kisanduku kwapani. "Nashuka hapa, baba. Wananisubiri, mabinti na yeye, wote watatu."