Onofre Archibeque na Kiti cha Nyuma

Ijumaa, tarehe 31 Oktoba 2025. Asubuhi ya leo kulikuwa na barafu nyembamba kwenye vioo vya magari, anga safi, na moshi wa kuni za msonobari ulisimama wima juu ya kila paa. Ndiyo siku ya mwisho ya kazi ya Bwana Onofre Archibeque, fundi na dereva wa Kituo cha Wazee cha Bonde la Ojitos, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi.

Bwana Onofre alizaliwa Rincón Hondo, kitongoji cha juu kabisa, pale lami inapoishia. Alipomaliza shule alikwenda jimbo la Wyoming, kaskazini kabisa, kuchimba madini, kama vijana wengi wa wakati wake, akakaa huko miaka minane. Hazungumzii mshahara wa huko wala baridi yake. Anachosimulia ni kwamba kila mwezi wa Machi, akiwa chini ya ardhi, pua yake ilinusa maji ya mfereji wetu wa mashamba yanapofunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya majira ya baridi. Mfereji wenyewe ulikuwa mbali, safari ya siku mbili. Baba yake alipougua alirudi nyumbani, na hajaondoka tena.

Kituoni alianza kama dereva wa chakula cha mchana. Gereji wakati huo ilikuwa paa la mabati na jeki moja. Wenzetu wa zamani wanakumbuka theluji ya mwaka 2006, magari yote yalipokwama, naye akaazima trekta la jirani, akaipakata sufuria ya maharage mapajani na kuzunguka vijiji vyote. Nyumba ya mwisho alifika suruali ikiwa imelowa mchuzi, akamwambia mwenye nyumba, “Kilichobaki ni chako, na suruali ukitaka.”

Magari yetu aliyapa majina ya shangazi zake. Veni ya viti saba, ile ya kawaida ambayo watu wengine hupelekea watoto shule, aliiita Eufemia, kwa sababu inalalamika njia nzima lakini inafika. Alikataa kofia ya sare kwa miaka yote thelathini na moja. Wakurugenzi wanne walimwamuru aivae, na wote wanne walistaafu kabla yake.

Lakini kwa watu wa juu bondeni, jina la Onofre litakwenda pamoja na shokapu za nyuma za Eufemia, vile vyuma vya kupunguza mtikiso wa gari.

Agosti ya mwaka jana mafuriko yaliteremka kutoka kwenye mlima ambao msitu wake uliungua, yakaila barabara ya Rincón Hondo. Kaunti ilileta greda, ikasawazisha kilichosawazishika, ikaacha makorongo matatu na mawe katikati ya njia. Eufemia ana tumbo la chini. Kwenye korongo la kwanza tu alilaza tumbo juu ya jiwe, ikabidi avutwe na farasi.

Aliyeumia kuliko wote ni Bibi Cleofas Montaño, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, ambaye figo zake hazifanyi kazi. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi lazima awe mjini kwenye mashine ya kusafisha damu. Barabara ilipokatika, binti yake Viola alimchukua akae naye huko huko mjini. Alitunzwa vizuri: chumba chake mwenyewe, televisheni, blanketi la umeme. Ila dirisha la chumba lilitazama kaskazini, upande wa nyumbani, na kilichoonekana hapo ni ukuta wa duka la matairi. Bibi Cleofas aliutazama ukuta ule majira yote ya baridi. Usiku alikuwa hapati usingizi. Viola alikuwa akimkuta alfajiri ameketi kitandani, amevaa koti na kilemba, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Onofre ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitali na kumrudisha kwa Viola. Maswali ya Bibi yalikuwa yale yale.

“Aprikoti zangu zimechanua?”

“Zimechanua, Bibi.”

“Muongo. Na theluji ya juzi?”

“Zimechanua kidogo.”

“Na jiko langu nani analiwasha?”

“Panya.”

“Waambie wasinimalizie kuni.”

Wiki moja baada ya Pasaka, Bibi Cleofas alimwambia nesi, mbele ya Viola na Onofre, kwamba amefikiri na ameamua. “Mashine inanipa siku, nashukuru. Lakini siku zenyewe nazimalizia mbele ya ukuta wa mtu. Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ikinikuta bado niko hapa mjini, nitaacha. Msinililie, nimesema nashukuru.” Sikukuu hiyo ni mwishoni mwa Septemba. Mgonjwa wa namna yake akiacha mashine haishi wiki mbili. Onofre aliwarudisha wote wawili nyumbani kwa Viola.

Kesho yake aliomba ruhusa ya kuinyanyua Eufemia, tumbo lake likae juu zaidi ya mawe. Watu wa gereji za mjini walicheka, maana wanaonyanyua magari hunyanyua yale ya milimani, si ya kubebea watoto. Alifunga vipande vya chuma juu ya springi za mbele na za nyuma, gari likapanda vidole vitatu, na shokapu akaacha zile zile za zamani. Makorongo yote matatu akayavuka. Lakini kila gurudumu la nyuma liliposhuka shimoni, shokapu fupi iliishiwa urefu na kugonga kama mlango uliopigwa teke.

Basi akanunua ndefu, za gari la mizigo, zenye nguvu. Akajaza magunia ya maharage nyuma, akapanda hadi Rincón Hondo na kurudi huku akipiga mluzi. Alhamisi iliyofuata akampakia Bibi Cleofas kutoka kwenye mashine, Viola akiwa pembeni yake. Shokapu zile ngumu zilimrusharusha, na kwenye korongo la pili Bibi aliomba warudi. Mkono wake ulikuwa unatoka damu pale sindano zilipochomwa, na bandeji imelowa.

Nesi hakupiga kelele. Alisema tu, “Mkono huu ndio mlango wa mashine. Mkiuharibu, sina mwingine.” Wazee wengine nao walikuwa wanalalamika kwamba gari limekuwa refu kupanda, ingawa Onofre alishawatengenezea ngazi ya mbao za masanduku ya matofaa. Mkurugenzi wetu, Bi. Bernadette, akaamua: jaribio moja zaidi kabla ya mwisho wa Septemba, na likishindikana Eufemia arudishwe chini.

Onofre alikwenda kumwomba radhi Bibi Cleofas. Alimkuta dirishani.

“Kijana,” alimwambia (Onofre ana miaka sitini na saba), “ulipolijaribu gari lako ulikaa wapi?”

“Kwenye usukani, Bibi.”

“Na mimi nakaa wapi?”

“Nyuma.”

“Mimi si gunia la maharage. Nenda kakae nyuma, halafu uje tuongee.”

Akaenda. Mwandishi wa wasifu huu, ambaye kazi yake ni simu na ratiba, alipewa usukani siku hiyo. Onofre alikaa kiti cha mwisho, mkono wa kushoto ameukunja kifuani na kuufunga kitambaa kama Bibi anavyofungwa akitoka kwenye mashine, ili asiweze kujishikilia. Hatukufika hata korongo la tatu. Alishuka, akakaa juu ya jiwe.

“Mbele unaliona shimo linakuja,” alisema. “Nyuma linakukuta. Na mimi nimewabeba watu huku miaka yote hii.”

Kuanzia hapo aliacha kuchagua shokapu kwa nguvu. Alilinyanyua gari kwa jeki mpaka magurudumu ya nyuma yakaning’inia, akapima: shokapu ilipaswa kufika hapo bila kuishiwa urefu. Kisha akataka kujua gari likijaa linashuka hadi wapi, kwa sababu hakuna mzee wetu anayetoka mjini mikono mitupu. Kila mmoja anarudi na unga, maji, chakula cha mbwa na mafuta ya taa ya jirani. Akawaita wafanyakazi wa jikoni wapande na mizigo.

“Yaani nimeitwa hapa badala ya gunia?” aliuliza Bi. Mela, mpishi wetu.

“Gunia halilalamiki, Mela. Nahitaji mzigo unaolalamika.”

“Basi umempata.”

Alipima tena gari likiwa limejaa, springi zimebanwa hadi karibu na raba ya kikomo: hapo shokapu ilipaswa kubakiza nafasi ya kuzama, isigonge mwisho wake. Kwa hiyo alihitaji inayovutika sana na kubanika sana, na ulaini wake uwe wa kuwachukua watu, si mawe. Alipata jozi iliyotengenezwa kwa gari jingine la familia, zito kidogo kuliko letu. Alitoboa upya bushi za chini, zile raba za kufungia, ziingie. Halafu akakaa tena kiti cha mwisho, mkono umefungwa, Bi. Mela pembeni yake akilalamika. Kwenye korongo la tatu Bi. Mela alikuwa bado anasimulia habari za shemeji yake, hakuwa amekatisha. Onofre akasema tugeuze, inatosha.

Jumanne, tarehe 16 Septemba, alimchukua Bibi Cleofas kutoka kwenye mashine na kumpeleka kwake. Viola alikaa naye nyuma, kiganja juu ya bandeji. Bandeji ilifika kavu. Aprikoti zilikuwa zimekwisha zamani, zimeoza chini ya mti, na Bibi alisimama kwenye harufu ile kama mtu aliyefika kanisani kabla ya misa. Tangu siku hiyo Eufemia hushuka naye na kupanda naye mara tatu kwa juma. Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli ilipita. Alikuwa kwenye mashine Jumanne ile iliyofuata, akimwuliza nesi kama ana dawa ya panya.

Kuanzia Jumatatu Eufemia atakuwa na dereva mwingine. Dereva huyo ameshakalishwa kiti cha nyuma, njia nzima, mkono umefungwa. Ni sharti la mwisho la Bwana Onofre kabla ya kukabidhi funguo.

Bwana Onofre, kwa niaba ya wafanyakazi na wazee wa Bonde la Ojitos, tunakushukuru. Asubuhi hii tayari tumekwisha kukutafuta gereji mara mbili kabla ya kukumbuka kwamba uko ndani unanyooshewa tai. Ukae salama nyumbani kwako, mfereji ukufikie kila Machi, na watu wako wawe karibu.

Ulituomba tusikuandikie sifa nyingi, bali tuweke kumbukumbu ya jambo moja. Asubuhi ya tarehe 17 Septemba ulipiga simu Rincón Hondo kabla hujavua koti, ukauliza neno moja tu: “Alilala?” Viola, aliyebaki huko usiku ule, alikujibu kwamba mama aliwasha jiko mwenyewe, akagusa kila kiti, akavua koti na kilemba akavitundika msumarini, akapanda kitandani bila kuomba taa iachwe. Alilala saa tatu kasoro dakika kumi.