Finjani Niliyoitikisa Mbele ya Baba

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Niruhusuni nisimame, maana nikikaa nitapata pa kuficha uso.

Nyinyi hapa Nizwa mnanijua kwa jina la ukoo mkubwa. Babu yangu alikuwa mtumwa wa ukoo huo. Walikwenda naye Unguja, waliporudi Oman tukarudi nao, na jina lao tukabaki nalo. Mpaka leo, wakiwa na arusi au msiba kule Ibra, baba yangu ndiye anayeshika dele, birika la kahawa, na kuwamiminia wageni. Hakuna anayemlazimisha. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia, "Mzee, kaa nawe unywe."

Mimi nikapata kazi ofisini, nikafunga kilemba changu, nikawaacha wadhani mimi ni wa damu ya ukoo huo. Mzee mmoja wa ukoo ule alipofariki, mkubwa wangu wa kazi akanambia, "Twende tukawape pole, si jamaa zako hao?" Nikaona haya kukataa.

Tukakaa na wageni. Baba akaja na dele, uso umemjaa furaha kuniona, akanimiminia. Nikanywa funda moja, nikaitikisa finjani, kama tunavyofanya sote kusema basi. Sikumtazama. Mkubwa wangu akauliza, "Huyu mzee unamjua?"

Nikasema, "Mtumishi wa hapa."

Baba alisikia, ndugu zangu. Akasogea kwa mgeni aliyefuata, akammiminia.

Miezi mitatu sikutia mguu nyumbani. Kisha shangazi akanipigia simu: "Baba ako kakataa kwenda kumimina kahawa kwenye arusi ya ukoo mkubwa. Kasema utakuwepo, asije akakuaibisha." Nikalia garini kama mtoto.

Nikenda kumwomba radhi. Akanambia tu, "Ushakula?"

Siku ya arusi nilimsihi twende pamoja, nikaingia naye. Akaelekea zake mlangoni, kwenye dele. Nikamshika mkono, nikamkalisha katikati ya wageni, dele nikalichukua mimi. Nikasema kwa sauti, "Huyu ni baba yangu." Wageni wawili waliondoka. Mkubwa wangu alikuwepo, na hajanisemesha juu ya jambo hilo mpaka leo. Baba alikunywa finjani tatu.

Namshukuru shangazi, nakushukuruni nyinyi mlionisikiliza. Nawaambia, wale wa ukoo hawakunilazimisha kumkana. Nilimkana kwa ulimi wangu, na aibu yake ninayo bado.

Baba yupo pale, karibu na mlango. Nilimwomba akae mbele, kakataa. Kahawa ikija atasimama kushika dele. Tafadhalini, mwambieni akae.