Mwalimu Tabitha Wangare na Mtamba wa Muiri

Wazee wetu, wachungaji, walimu, majirani wa hapa Rongai, na ninyi mliotoka Muiri kule Subukia mkafika hata kabla ya mahema kusimama, familia inawasalimu nyote na kuwaomba mkae mtulie, kwa maana safari ya Mwalimu Tabitha Wangare Kamande ilikuwa na kona zake, na leo hatutaruka hata moja.

Mwalimu alizaliwa tarehe 14 Machi 1963 huko Subukia, mtoto wa tatu wa mzee Gathogo na mkewe aliyeitwa Wangu, waliohamia shamba lililoachwa na mlowezi, akasoma shule ya msingi papo hapo, akamaliza sekondari mjini Nakuru mwaka wa 1981, akajiunga na chuo cha ualimu, na mapema mwaka wa 1986 akaanza kufundisha hisabati, kazi aliyoipenda kuliko chai, na waliomjua wanajua alivyopenda chai.

Tarehe 12 Desemba 1987 alifunga ndoa na Bwana Kamande Mathenge, karani wa ghala la nafaka, wakajaliwa mtoto mmoja, Sue, anayeishi Kanada na aliyetua juzi. Bwana Kamande alitangulia tarehe 3 Juni 2009, na tangu siku hiyo meza ya Mwalimu ikawa na kikombe kimoja.

Mwaka wa 2010 alipandishwa cheo kuwa mwalimu mkuu wa Shule ya Msingi ya Muiri, na matokeo ya darasa la nane ya mwaka uliofuata yalipotoka, alama za wastani za shule zikiwa zimepanda kuliko za majirani wote, wazazi walimbeba mabegani wakazunguka naye soko zima, matawi mkononi na nyimbo mdomoni, wakampa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, na watoto wakamwita Alama. Kwa mjane yule, mtamba hakuwa mali tu, alikuwa wa kuzungumza naye jioni, na familia ilipomtania kwamba ameolewa tena, alicheka mpaka akafuta machozi.

Ikafika Oktoba 2014, siku ya kuwaombea watahiniwa, watoto wakainua penseli zao na wachungaji wakazibariki, na baada ya ibada mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mzee Kiptum, akamvuta Mwalimu kando, akamwomba awaambie watoto wachache waliokuwa wazito darasani wawe wagonjwa zile siku tatu za mtihani, wasije wakavuta wastani chini, kama zilivyofanya shule nyingine. Alimtaja Chepkemboi, msichana aliyeanza shule akiwa mkubwa na aliyekuwa bado anasoma kwa kufuata kidole. Mwalimu alimjibu, "Mzee, tumeombea penseli zote. Sasa nimwambie nani arudishe yake?" Wote wakafanya mtihani, na wastani ukaanguka.

Shule zilipofunguliwa Januari 2015 alikuta lango limefungwa kwa mnyororo, na walioshika matawi safari hii walikuwa wanamfukuza, wakiwemo kina mama wa kikundi chake cha kanisa. Jioni kamati ikafika nyumbani kumdai Alama, ambaye wakati huo alikuwa ng'ombe wa maziwa, ikisema alitolewa kwa ajili ya wastani, na wastani haupo tena. Mwalimu alimfungua kwa mikono yake, akawaambia, "Mchukueni tu, lakini msimfunge kwa kamba fupi, hajazoea." Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, ila yeye hakupenda methali hiyo isemwe mbele yake.

Alihamishiwa shule moja ya hapa Rongai, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka wa 2023, mwaka ule ule mtihani wa darasa la nane ulipofanywa kwa mara ya mwisho. Hakununua ng'ombe mwingine, alitumia maziwa ya pakiti, na mchana lango lake halikufungwa, kwa sababu aliamini kuna siku mtu wa Muiri angepita, hata kama ni kusema tu hodi. Alikuwa mpweke, na hakuna haja ya kulizungushia maneno. Desemba iliyopita, matokeo ya kwanza ya gredi ya tisa yalipotoka na wazazi kila mahali wakawa hawajui viwango vipya vilivyowekwa badala ya alama vinasemaje, alikaa barazani na simu mapajani, tayari kumweleza yeyote, na simu iliyolia ilikuwa ya Sue.

Wakati huo alikuwa ameshaanza matibabu ya saratani ya tumbo, iliyogunduliwa Agosti 2025, na tarehe 17 Februari 2026, asubuhi, akapumua mara ya mwisho katika hospitali moja mjini Nakuru. Kutoka Muiri alikuwa ametembelewa na mtu mmoja, Chepkemboi, aliyekuja na chupa ya maziwa. Familia haitasema kwamba amekuwa daktari, anauza viazi Subukia, na yuko hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochota maji na kuleta kuni, na walimu wenzake waliogharamia jeneza. Inaishukuru pia kamati ya Muiri kwa ng'ombe mliyemleta asubuhi, mkatuambia ni mjukuu wa Alama, achinjwe, nanyi mle pamoja nasi. Mtatusamehe, mtakula maharagwe. Sue amesema ng'ombe huyo atakwenda na Chepkemboi, na kwa sasa tumemfunga pale nyuma ya nyumba, kwa kamba ndefu.

Mwalimu, watu wa Muiri wamefika, na lango liko wazi. Sasa pumzika, na amani ikae nawe.