Laban Simiyu na Mwanamke Aliyemsomea Pakiti

Ndugu waombolezaji, familia imekubaliana kwamba maisha ya Laban Simiyu Wafula yasomwe yalivyokuwa, na ni mjane wake, Jael, aliyeshikilia kwamba wivu wake usifichwe, kwa kuwa nusu ya kijiji wanaujua na nusu nyingine wanautia chumvi.

Laban alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 hapa Kamukuywa, mtoto wa tatu wa mzee Wafula na mama Damaris, akasoma shule ya msingi ya kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2002, kisha akajifunza ufundi wa magari Webuye. Alifunga ndoa na Jael tarehe 12 Desemba 2009, wakajaliwa Ashley na Fred.

Mei 2012 alikwenda Riyadh kuwa dereva katika nyumba moja ya Al-Malqa, na mwaka uliofuata Jael akapata kazi ya nyumbani Jeddah, upande wa Sharafiya, wakawa nchi moja na bado wanaonana kwa simu tu. Bosi wa Laban alipenda kurusha roketi kubwa za mchezo jangwani, ambazo injini zake ni mitungi ya alumini inayojazwa baruti upya kila baada ya kurushwa, naye akamkabidhi Laban kazi ya kuhakikisha kwamba mtungi, vifuniko na ringi za mpira vinaoana na baruti iliyonunuliwa. Bosi alitaka watu wawili, mmoja asome maandishi ya pakiti ya baruti kwa sauti, mwingine ashike kifaa na kurudia alichosikia, na msomaji alikuwa Priscilla, mpishi wa nyumba ile.

Kila Alhamisi jioni Laban alimpigia Jael simu na kuiacha wazi wakati wa ukaguzi, na Jael alimsikia Priscilla akitaja kipenyo na jina la kiwanda, na Laban akimjibu kwa ile sauti ya upole ambayo Jael aliiona kuwa mali yake, na wivu ukamla. Hakuwa na ushahidi wa ubaya wowote, ila yuko mwanamke aliyekaa meza moja na mume wake, na hilo lilitosha kumnyima usingizi. Februari 2015 alimwambia, "Chagua, Baba Ashley, ni mimi ama huyo msomaji wako."

Laban alimchagua mke wake, akakagua peke yake, pasipo wa kumsomea jina la kiwanda, akafunga kifuniko cha kiwanda kingine kwa sababu kipenyo kilikuwa sawa na kiliingia bila taabu, na kesho yake injini ikapasuka, ikamchoma mkono wa kulia. Bosi akasema halas, basi imetosha, bila Priscilla hakuna ukaguzi, na Jael akakubali shingo upande.

Figo zilianza kumsumbua Septemba 2016, akalazwa Riyadh, Jael akamwomba kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ruhusa ya kwenda, akanyimwa, na Priscilla ndiye aliyeketi kando ya kitanda mpaka Laban alipofariki tarehe 9 Januari 2017. Jael bado anamwonea wivu kwa kukaa pale, na ametuagiza tuseme hivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta kuni na maji, na Titus, dereva mwenzake Laban kule Riyadh, pamoja na madereva wengine waliohangaikia karatasi za kuusafirisha mwili. Inamshukuru pia Priscilla, aliyefika jana, na ambaye Jael amemketisha karibu naye, si kwa sababu wivu umeisha, bali kwa sababu maneno ya mwisho ya mume wake yako kwa mwanamke huyu, na Priscilla hataondoka katika boma hili kabla hajamwambia Jael yote.

Laban wetu, pumzika sasa, na amani iwe nawe.