Mwalimu Zachariah Angwenyi na Njia ya Kushukia Daraja Mbili

Marehemu Zachariah Angwenyi alizaliwa tarehe 9 Machi 1942 karibu na soko la Kebirigo, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Obadiah Machogu na Mama Nyanchama. Wanaosema alizaliwa Kisii mjini wamekosea, na si hilo tu walilokosea kumhusu.

Alisoma shule ya msingi papo hapo Kebirigo, akapata cheti cha ualimu mwaka 1964. Baba yake hakuamini kalamu. Akimtuma dukani alimtaka akariri vitu vyote kichwani, kwa kuwa karatasi, alisema Mzee, husema lolote inaloambiwa.

Alifundisha Nyamira miaka ishirini na minane. Tarehe 14 Desemba 1968 alifunga ndoa na Jemimah, ambaye wazee wake walikuwa wamemchunguza bwana harusi mwaka mzima, wakimshuku kwa sababu hacheki ovyo. Alipostaafu mwaka 1992 walihamia Kisii, mtaa ulio juu ya soko la Daraja Mbili.

Mwaka 1994 mradi mmoja wa utafiti ulimwajiri apite nyumba kwa nyumba, apime hali ya maisha ya watu waendao sokoni kwa miguu. Je, wanalala vizuri? Wanajuana na majirani? Wanapita njia gani? Mtaa ulishtuka. Mtu anayekuuliza kama una raha anataka nini kwako? Wengine walinusa kodi, wengine wakanusa tingatinga la kubomoa nyumba. Basi wakajibu kwa kujikinga: raha hatuna, jirani hatumjui, na ile njia ya kushukia sokoni hatuipiti. Jioni walikuwa wanaipita na ndizi kichwani.

Fomu zake alizijazia katika duka la vitambaa la Ishwar, pale njia ilipotokea. Ishwar alimwambia, "Mwalimu, hawa wanakudanganya. Mimi naona wao hapa mlangoni kila siku." Asubuhi moja Mwalimu alisimama hapo na punje za mahindi, kila mpita njia punje moja, kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Zilifika mia nne na kumi na saba. Hapo ndipo alipoharibu kabisa, maana kwetu anayehesabu watu hadharani hawatakii mema.

Wakubwa wa mradi waliamini fomu, si punje. Ripoti ikasema njia haina watu. Mwaka 1996 ikazungushiwa mabati, ikawa kiwanja cha mtu asiyewahi kuonekana. Mtaa ukasema Mwalimu ameuza njia. Aliambiwa sokoni, akaambiwa kanisani, kisha wakaacha hata kumsalimia. Jambo hili lilituuma sana sisi wa nyumbani kwake. Jemimah alienda sokoni kwa kuzunguka barabarani, peke yake.

Alianza kuugua figo Februari 1998, akatibiwa Kisii, na akafariki Jumanne tarehe 17 Agosti 1999. Siku za mwisho Jemimah alimsihi ajitetee. Nakala za fomu, pamoja na majina, zilikuwa sandukuni chini ya kitanda. Kati ya nyumba mia moja na thelathini, mia moja na kumi na moja zilisema haziipiti njia ile. Awasomee basi, yaishe.

"Niliwaahidi hakuna atakayejua nani alisema nini," alimjibu. "Waache wanishuku mimi, Jemimah. Wakianza kushukiana wenyewe kwa wenyewe, huo mtaa hautakalika."

Marehemu ameacha mjane, Jemimah, watoto wao Manasseh, Joyline na Duncan, na wajukuu watano.

Ndugu zetu mliotoka Kisii kuja kumzika, tunaona mnavyotazamana. Msiwe na hofu. Kabla wasifu huu haujapigwa chapa, Jemimah alizitia fomu zote motoni, chini ya sufuria ya chai mliyokunywa matangani.

Mwalimu, Mungu akupumzishe kwa amani.